Tunda Hutaka Moto, Ua Huukimbia: Upishi wa Jamu ya Nyumbani Yenye Harufu ya Maua

Jamu ni tunda lililopikwa na sukari mpaka likashikana, likawa zito kiasi cha kukaa juu ya mkate bila kutiririka, na likaweza kuhifadhiwa kwa miezi bila kuchacha. Jamu yenye harufu ya maua ni jamu hiyo hiyo, isipokuwa imetiwa ua: maji ya waridi, asumini, maua ya mdanzi au karafuu. Ugumu wake umo katika jambo moja. Tunda hutaka moto, tena moto mkali, kwa kuwa bila moto maji hayapungui na jamu haigandi. Ua huukimbia moto, kwa kuwa harufu yake ni mafuta mepesi yanayopaa na mvuke wa mwanzo. Ufundi wote wa jamu ya maua ni kulipa kila moja haki yake: tunda liive mpaka mwisho, na ua lisubiri zamu yake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki ua si mgeni jikoni. Halua inayopikwa Zanzibar, Pemba na Oman huungwa kwa sukari, wanga, samli, hiliki na zafarani, na mara nyingi maji ya waridi hutiwa pia. Zafarani ni nyuzi zilizochumwa ndani ya ua. Karafuu, zao lililoipa Zanzibar jina duniani, ni tumba la ua lililowahiwa kabla halijachanua. Hata majina yamekuja na bidhaa zenyewe kwa majahazi ya msimu: sukari, waridi, asumini, arki na marashi yote yameingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu. Matunda yamejaa sokoni, sukari ipo dukani, maua yapo uani. Kinachohitajika ni kujua yanavyokutana.

Kinachogandisha jamu

Vitu vinne hukutana katika sufuria ya jamu: pektini, tindikali, sukari na maji. Pektini ni gundi ya asili inayoshikilia chembe za mmea pamoja. Mkemia Mfaransa Henri Braconnot aliitenga na kuielezea mwaka 1825, akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Ndani ya maji, nyuzi za pektini husukumana zisikaribiane. Tindikali hupunguza msukumano huo, na sukari huyavuta maji yaliyozizingira. Nyuzi zikikaribiana hushikana na kufuma wavu unaonasa maji yaliyosalia. Wavu huo ndio mgando wa jamu. Pektini, tindikali au sukari ikipungua, jamu hubaki sharubati hata ikichemshwa kutwa nzima.

Mgando mzuri hupatikana sukari inapofikia takriban asilimia 65 ya uzito wa jamu iliyoiva, na ukali wa tindikali unapokuwa kati ya pH 2.8 na 3.4. Mapera, ndimu, malimau, madanzi na maganda ya pasheni yana pektini nyingi. Embe lina kiasi cha wastani. Nanasi na papai vina kidogo. Umri wa tunda nao una uzito wake: kadiri linavyoiva, vimeng'enya vyake huivunja pektini, ndiyo maana tunda lililoiva mno hunukia vizuri lakini haligandi. Wapishi wenye uzoefu huchanganya sehemu tatu za matunda yaliyoiva na sehemu moja ya matunda yaliyokomaa ambayo bado ni magumu. Yaliyoiva huleta ladha, na magumu huleta mgando.

Pektini hupimika nyumbani. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya tunda lililochemshwa na kupozwa huchanganywa na vijiko vitatu vya spiriti katika gilasi. Likitokea bonge moja linaloshikana, pektini ni ya kutosha. Vikitokea vipande vidogo vidogo, tunda linahitaji msaada wa ndimu au pera. Mchanganyiko huo humwagwa mara moja, kwa sababu spiriti ni sumu.

Tindikali ina kazi ya pili, nayo ni ulinzi. Bakteria wanaosababisha sumu ya botulizimu hawastawi penye pH iliyo chini ya 4.6. Nanasi huwa chini ya kiwango hicho lenyewe. Embe bivu linaweza kukivuka, na papai hukivuka karibu daima, kwani pH yake hukaribia 5.5. Kwa hiyo ndimu katika jamu ya embe au papai haipunguzwi kwa sababu tu mlaji hapendi ugwadu.

Ua linaloliwa na ua la kunusa

Si kila ua linalonukia linafaa kinywani. Oleanda, yenye maua ya rangi ya waridi au meupe na inayopandwa sana kwenye nyua na kando ya barabara, ina sumu inayodhuru moyo kuanzia jani hadi ua. Mnanaha nao ni sumu, hata kama ua lake ni kubwa na jeupe. Kikuba cha pwani hufungwa kwa maua mengi, yakiwemo asumini, kilua, mkadi na mlangilangi, lakini kikuba ni cha nywele na kifua. Ua kuwamo katika kikuba hakulifanyi kuwa chakula. Yanayotegemewa kwa jamu ni yale ambayo jamii nyingi zimeyala kwa karne nyingi: waridi, asumini ya Kiarabu, ua la mchungwa na la mdanzi, na karafuu.

Hata ua linaloliwa linaweza kuharibiwa na mahali lilikotoka. Mawaridi ya mashamba makubwa ya Naivasha na Arusha, yanayosafirishwa kwenda Ulaya, hulimwa kwa ajili ya kupamba meza. Dawa zinazopulizwa juu yake hazikukusudiwa chakula, na aina nyingi zimezalishwa ili zidumu siku nyingi ndani ya chombo, si ili zinukie. Kwa jamu hutakiwa waridi la bustanini lisilopuliziwa dawa, lile ambalo harufu yake humfikia mtu kabla hajaliona.

Saa ya kuchuma ni sehemu ya kazi. Waridi huchumwa asubuhi mapema, umande ukishakauka na jua halijawa kali, kwa kuwa joto la mchana hupeperusha mafuta yake. Asumini ni ua la usiku. Matumba yake huchumwa jioni yakiwa karibu kufunguka, na huendelea kutoa harufu saa nyingi baada ya kuchumwa. Kila petali ya waridi hukatwa ncha nyeupe ya chini, kwa kuwa hapo ndipo penye uchungu. Kwenye asumini huondolewa kikonyo cha kijani.

Maji ya waridi

Njia nyepesi ya kutia ua katika jamu ni maji ya waridi. Huko Oman, kwenye mlima Jabal al-Akhdar, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mawaridi ya aina ya Damasko huchumwa kila majira ya kuchipua na kukenekwa: petali huchemshwa, mvuke wake hunaswa na kupozwa, ukageuka maji yenye harufu. Pale yanapokenekwa kwa tanuri la udongo na kuni, maji hayo hubeba pia moshi kwa mbali, na wenye kuyazoea huutafuta.

Waridi hutoa mafuta kidogo mno. Kupata kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji tani tatu hadi nne za petali. Lakini sehemu kubwa ya harufu ya waridi hutoka katika kemikali iitwayo fenetili alkoholi, ambayo huyeyuka katika maji. Ndiyo sababu maji yenyewe hunukia waridi waziwazi hata mafuta yakiwa yameondolewa juu yake.

Pwani hutumia maji ya waridi kwa namna mbili, na namna hizo hazichanganywi. Marashi ya mrashi, chupa ya kunyunyizia, hunyunyiziwa wageni harusini na kwenye maulidi. Mengine yametiwa manukato na spiriti, hayafai kuliwa. Maji ya jikoni hutambulika kwa lebo inayosema ni ya chakula, na ambayo haitaji chochote zaidi ya waridi na maji. Arki ya waridi ni kali zaidi na hupimwa kwa matone.

Maji hayo hutengenezeka nyumbani pia. Petali huwekwa katika sufuria pana pamoja na maji ya kuzifunika tu. Bakuli lisiloharibiwa na moto huwekwa katikati juu ya kigae au jiwe safi, kisha sufuria hufunikwa kwa kifuniko kilichogeuzwa kichwa chini na kujazwa barafu. Moto mdogo hupandisha mvuke, mvuke hugusa ubaridi wa kifuniko, nao hudondoka katika bakuli. Kazi husimamishwa baada ya dakika 20 hadi 30, kwa kuwa maji ya mwisho hunuka majani yaliyochemshwa.

Jamu ya embe na waridi

Embe na waridi hupatana kwa kuwa embe lina utamu mzito na harufu kali kidogo ya utomvu, na waridi huilainisha. Embe dodo lina nyama nyingi na hufaa sana. Maembe yenye nyuzi nyingi huhitaji kuchujwa. Kwa kilo moja ya nyama ya embe, ambayo robo yake ni ya maembe magumu, hutumika gramu 800 za sukari, vijiko vinne vikubwa vya maji ya ndimu, robo lita ya maji na kijiko kimoja kikubwa cha maji ya waridi.

Embe hukatwa vipande vidogo, hutiwa maji na ndimu, kisha hupikwa kwa moto wa wastani bila sukari mpaka lilainike kabisa. Hatua hii haiharakishwi. Sukari ikiwahi kutiwa, hukaza vipande vya tunda na kuizuia pektini isitoke. Kokwa na ngozi za ndimu zilizokamuliwa hufungwa katika kitambaa cheupe na kuzamishwa humo ili kuongeza pektini, kisha hutolewa na kukamuliwa.

Tunda likishalainika, sukari humiminwa yote na kukorogwa juu ya moto mdogo mpaka chembe ya mwisho iyeyuke. Hapo moto hukolezwa. Jamu hutakiwa ichemke kwa nguvu na kwa muda mfupi, kwa kawaida kati ya dakika 10 na 20, katika sufuria pana yenye kitako kizito ambayo haikujazwa zaidi ya nusu. Moto mdogo wa muda mrefu huivunja pektini, huigeuza rangi ya dhahabu kuwa kahawia, na kuipa jamu ladha ya sukari iliyoungua. Mwiko mrefu hupitishwa chini ya sufuria mara kwa mara, kwa sababu jamu ya embe huruka na kuunguza mkono.

Kujua imeiva

Kipimo cha kwanza ni joto. Penye usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, jamu huiva inapofikia nyuzi 104 hadi 105 za selsiasi. Nyanda za juu hesabu hubadilika, kwa kuwa maji huchemka kwa joto la chini kadiri mwinuko unavyoongezeka, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, jamu huwa tayari karibu na nyuzi 99. Anayeisubiri ifike 105 huko atatoa sufuriani kitu kigumu mfano wa peremende. Kanuni inayofaa kila mahali ni kupima kwanza maji matupu yanapochemka, kisha kuongeza nyuzi nne hadi tano.

Kipimo cha pili ni sahani. Sahani ndogo huwekwa mapema mahali pa kugandisha barafu. Tone la jamu hudondoshwa juu yake, huachwa kwa dakika moja, kisha husukumwa kwa kidole. Likikunja ngozi, imeiva. Likikimbia kama asali, bado. Sufuria huondolewa motoni wakati wa kupima, la sivyo jamu hupita kiasi huku jibu likisubiriwa.

Kipimo cha tatu ni mizani. Kilo ya embe ina takriban gramu 150 za vitu visivyo maji. Zikijumlishwa na gramu 800 za sukari hupatikana 950, na ili hizo ziwe asilimia 65, jamu yote inapaswa kubaki na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Sufuria iliyopimwa ikiwa tupu hutoa jibu bila kubahatisha.

Imeiva, moto umezimwa, povu limeenguliwa: sasa ndipo zamu ya ua. Jamu huachwa dakika tatu au nne mpaka machemko yatulie, maji ya waridi hutiwa, hukorogwa mara chache na sufuria hufunikwa kwa dakika moja. Kiasi huanza kwa kidogo, kijiko cha chai kwanza, kisha huonjwa. Kuonja jamu ya moto hudanganya, kwa kuwa mvuke huikuza harufu. Tone lililopoa juu ya sahani husema kweli. Waridi likizidi, jamu huwa na ladha ya sabuni, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Nanasi na asumini

Nanasi lina ugwadu wa kutosha lakini pektini yake ni haba, hivyo huchanganywa na mapera: gramu 700 za nanasi lililokatwa vipande vidogo sana na gramu 300 za rojo la mapera lililochujwa mbegu, pamoja na gramu 800 za sukari na ndimu mbili. Pera huleta mgando bila kuifunika ladha ya nanasi.

Asumini haivumilii kupikwa. Harufu yake huhamishiwa kwanza kwenye sukari. Jioni, konzi ya maua yaliyo karibu kufunguka, makavu yasiyo na umande, hupangwa kwa matabaka na gramu 150 za sukari katika chupa yenye kifuniko. Usiku kucha maua hufunguka humo na kutoa harufu, na sukari huipokea. Asubuhi huchekechwa, maua yaliyonyauka hutupwa, na mengine mapya huweza kuwekwa usiku wa pili. Wachina hutumia mwenendo huo huo wa ua la usiku kunukisha chai ya asumini. Sukari hiyo ni sehemu ya zile gramu 800, lakini huwekwa kando. Gramu 650 hupikwa na matunda, na ya asumini hutiwa mwishoni, ikakorogwa juu ya moto mdogo mpaka iyeyuke.

Danzi na ua lake

Mdanzi ni mti unaotoa pande zote mbili za jamu hii. Tunda lake chungu, danzi, ndilo hupikwa mamaledi, yaani jamu yenye maganda, inayopendwa Uingereza, ambako danzi huitwa kwa jina la mji wa Seville, Hispania. Maua yake meupe ndiyo hukenekwa kuwa maji ya maua ya machungwa, yanayotumika katika vyakula vitamu vya nchi za Kiarabu. Mamaledi ya danzi iliyotiwa maji ya ua la danzi hurudisha tunda na ua kwenye tawi moja.

Kilo moja ya madanzi hukamuliwa, maganda hukatwa nyembamba, kokwa na nyama ya ndani hufungwa katika kitambaa, na vyote hulowekwa katika lita mbili za maji usiku mzima. Siku ya pili hupikwa polepole, kwa kawaida saa mbili, mpaka ganda lipondeke kati ya vidole. Kokwa za danzi zimejaa pektini, kwa hiyo kitambaa hukamuliwa vizuri kabla ya kutolewa. Kisha hutiwa kilo mbili za sukari na kuchemshwa kwa nguvu mpaka ifikie mgando. Vijiko viwili vikubwa vya maji ya maua hutiwa baada ya moto kuzimwa.

Karafuu na rozela

Karafuu ndiyo inayovunja kanuni ya ua kutiwa mwisho. Mafuta yake hufikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, yamefungwa katika tumba gumu lililokaushwa, na hutoka polepole. Kwa hiyo hutiwa mwanzoni, pamoja na tunda: karafuu tatu au nne kwa kilo, zilizofungwa katika kitambaa ili zipatikane kwa urahisi. Hupatana sana na mapera na nanasi.

Rozela, ambayo Tanzania huitwa pia choya, huaminiwa kuwa ua, lakini kinachotumika ni vile vikombe vinene vyekundu vinavyobaki ua likishaanguka. Vina ugwadu mkali na pektini yake, na vinastahimili moto, kwa hiyo husaidia pale papai linapoelemewa. Kilo ya papai iliyopikwa na gramu 200 za rozela mbichi na maji ya ndimu hupata ukali na mgando kwa pamoja, na rangi yake huwa nyekundu ya kuvutia.

Kujaza na kuhifadhi

Chupa za mdomo mpana huoshwa kwa sabuni, husuuzwa na kuchemshwa ndani ya maji kwa dakika 10, kisha hujazwa zingali moto. Jamu yenyewe iwe ya moto, isipungue nyuzi 85. Chupa baridi ikikutana na jamu ya moto hupasuka. Juu huachwa nafasi ya nusu sentimita, mdomo hupanguswa, na kifuniko hufungwa mara moja. Jamu ikipoa, hewa iliyobaki hujikunyata na kukivuta kifuniko kwa ndani. Kifuniko kinachobonyea na kurudi juu kimeshindwa kufunga, na chupa hiyo huliwa kwanza.

Sukari huzuia bakteria kwa kuyashika maji wasiyapate, lakini kuvu huvumilia zaidi na huweza kuota juu. Chupa ikishafunguliwa hukaa kwenye friji na huchotwa kwa kijiko kikavu. Jamu iliyoota kuvu hutupwa yote, kwa kuwa sumu ya kuvu huenea ndani kuliko jicho linavyoona.

Chupa zilizofungwa huwekwa mahali pakavu penye giza. Mwanga hufifisha rangi, na joto hulipeperusha ua pole pole hata ndani ya chupa. Ladha ya tunda hudumu mwaka mzima. Harufu ya waridi na asumini huwa katika ubora wake ndani ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Kwa sababu hiyo jamu ya maua hupikwa kwa chupa chache kila msimu, embe linapojaa na asumini inapochanua, na huliwa kabla ua halijaondoka.